Safu ya Sita

Faili arobaini na moja za wazee wa mgodi,
zote ndani ya kidude kisichozidi ukucha.
Profesa Zamfirescu anataka jedwali:
"Jedwali, Ilinca. Filamu nimeshazililia."

Nazifungua moja moja. Ndani yake
kila tamko limelala vilevile:
namba yake,
saa ya kuingia, mshale, saa ya kutoka,
maneno,
kisha mstari mtupu, kama nafasi wanayoachiana
watu wasiojuana kwenye foleni ya mkate.

Jaribio la kwanza lilivunjika.
Sekunde na vipande vyake hutenganishwa kwa mkato,
na programu, ikiona mkato, hukata.
Kikohozi cha mzee Hațegan kikahamia safu ya jirani.
Moise naye hutua kidogo kabla ya kumtaja mkewe,
na pale alipotua mwandishi aliweka mkato,
basi mkewe akaangukia seli ya peke yake, mbali na sentensi.
Nikaanza upya. Nukta kwenye saa,
vichupo baina ya safu.

Halafu herufi. Kila ș yenye kijimkia
imegeuka alama ya kuuliza.
Petro?ani, imeandikwa,
kana kwamba mji wenyewe hauna hakika.
Nikarekebisha. Nusu yangu ilitaka kuiacha hivyo.

Saa nane usiku, ghorofa ya nne,
bomba la joto linagonga kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mistari elfu kumi na tisa, mia mbili na mitatu.
Nachuja, nahesabu:
"taa" mara mia sita na nane,
"mshahara" mara mia tatu,
"woga" mara nne tu,
na zote nne wamesema wake zao.

Safu tano ndizo nilizoagizwa.
Ya sita niliiongeza kwa utundu:
mwanzo wa mstari wa chini
toa mwisho wa mstari wa juu.
Yaani pale ambapo hakuna aliyesema kitu.
Nikapanga, kikubwa kwanza.

Cha kwanza, simu ililia.
Cha pili, mbwa alitolewa nje.
Cha tatu ni faili ya ishirini na saba,
Traian Murgoci, fundi wa baruti, mstaafu.
Baba yangu.

212: Na Axente, ndugu yako? Mlikuwa zamu moja?
213: Kahawa yako inapoa.

Wanaosema kimya kina mshindo
hawajawahi kukipima.
Kina sekunde kumi na moja
na milisekunde mia nne.
Na aliyeuliza ni mimi.
Nilikuwepo, nimekaa mbele yake na kikombe mkononi,
na ningeapa mahakamani
kwamba alijibu papo hapo.

Nikatafuta "Axente" katika faili zote.
Wanaume tisa wamelitaja jina hilo.
Baada ya kila jina, sekunde nne, sita, tano na nusu,
kisha habari za theluji, za mpira, za bei ya kuni.
Tisa. Hawakai mtaa mmoja,
wawili hawasalimiani tangu mgodi ufungwe,
lakini wote wanajua mahali pa kunyamaza.

Mlango wa chumba ukalia.
Akaja na soksi, akimfuata mwanga,
akainamia kioo bila miwani.
"Hizi ndizo sauti zetu?"
Ndizo, baba.
Kidole chake, chenye lile doa la bluu la makaa
lisilotoka kwa sabuni yoyote,
kikateremka pembeni kabisa mwa jedwali.
"Na hii yenye namba tupu?"

Ningeweza kusema ni hitilafu.
Ningeweza kuifuta, vitufe viwili tu,
na profesa asingeuliza.
Nikamwambia ni ya nini.

Hakusema neno.
Bomba likagonga. Sikutaka, lakini nilikuwa nahesabu,
na nilipofika tisa
akavuta kiti.