Ziwa la Ansab

Ziwa hili halina mto,
wala mvua haijui njia ya kulifikia.
Limetoka majikoni mwetu, Maskati:
maji yaliyoosha mchele, maji ya udhu wa alfajiri,
povu la kanzu zilizofuliwa Al-Khuwair,
yakapita mabombani, yakachujwa,
yakatulia hapa, yakaota matete.

Ghanima huyapima kila Jumatatu: chumvi, harufu, rangi.
Huandika kwa penseli; wino huharibiwa na jasho.
Leo heroe mia na nne.
Juzi walikuwa mia na sita.
Anahesabu tena.

Usiku, mwanawe Mundhir anainamisha kikaango,
mafuta ya sambusa yaelekee kwenye sinki.
“Ebu ngoja. Kuna wageni wanakunywa humo.”

Mtoto anachungulia tundu.