Boksi la Wanaoanza

Ngwali wa Darajani kaniletea moja la kuonja,
akasema: Bi Time, hili litatoka kama mofa za moto.
Nimeuza madaftari hapa Wete miaka kumi na tisa.
Ninachokijua kutoka kama mofa za moto
ni mofa.

Basi nikalifungua mwenyewe, juu ya kaunta,
baada ya laasiri, skuli zishatoka.
Nailoni yake ilinila kucha mbili.
Ndani: mafungu mawili ya karata, thalathini na thalathini,
moja la Moto, moja la Maji.
Mkeka wa karatasi uliokunjwa mara nane,
ukikunjuliwa hautaki kulala.
Vidude vya plastiki vya kuhesabia uhai, kumi na saba.
Nilivihesabu tena, kwani boksi linasema ishirini.
Na kijitabu, herufi kama mayai ya chawa,
lugha tatu, hata moja si yetu.

Bei: elfu thelathini na tano.
Nikaipima kwa kipimo ninachokijua,
mtoto achambue karafuu pishi ngapi,
makonyo huku, karafuu huku, vidole vikimwasha,
nikaiacha hesabu njiani.

Karata nazijua miye.
Shupaza, kopa, uru, pau:
nimekulia barazani kwa mjomba Shaame,
mtu akiliwa ree yake hapepesi.
Hakuna aliyeniuzia boksi la kuanzia.
Nilisimama nyuma ya migongo yao na birika la kahawa,
mwaka mzima, kimya,
mpaka usiku Hamadi alipoitwa nyumbani kwa haraka
na karata zake zikabaki kifudifudi, hazina mwenyewe.
Nikakaa.

Nikawaita Raya na Mbarouk wa nyumba ya pili.
Raya akapata Maji, kwa kuwa Mbarouk kauwahi Moto.
Mchezo wa kwanza, dakika kumi, Raya kafa.
Wa pili, kafa.
Wa tatu nikamsomea kijitabu kwa Kiingereza changu cha risiti,
akafa kwa mujibu wa sheria.
Kwenye Moto kuna Joka la Majivu,
likishuka mezani hakuna wa kulizuia.
Kwenye Maji kuna kaa watatu,
wazuri, wamechorwa mpaka vinyweleo vya magando,
na kazi yao ni kungoja.

Wa tano Raya hakulia. Aliuliza tu:
"Bi Time, hao waliozipanga karata hizi,
walicheza kwanza?"

Ngwali, nimelala na swali hilo.
Anayeanza hana haja ya joka.
Haja yake ashindwe kwa namna ambayo
akiwa njiani kurudi kwao, karibu na msikiti,
asimame ghafla: aa, pale!
Pale ndipo nilipokosea.
Wewe umemuuzia kushindwa kusikokuwa na mlango.

Kesho yake akarudi peke yake.
Akayamwaga mafungu yote mawili kwenye kaunta,
akayachanganya kama zinavyochanganywa karata za watu wote,
akagawa: wewe, mimi, wewe, mimi.
Joka likaja kwangu. Kaa wawili wakaja kwangu.
Nikasema moyoni, mtoto huyu leo namhurumia.
Akanimaliza kwa kikaratasi kiitwacho Mvua ya Ghafla
ambacho hata mmoja wetu alikuwa hajakisoma.
Mteja wa kalamu akasubiri, akasubiri, akaondoka.

"Sheria hiyo ya kuchanganya haimo kitabuni," nikamwambia.
"Sasa imo," akasema, akakiomba kijitabu na peni.

Kwa hiyo, Ngwali, jibu langu hili hapa, nyuma ya risiti yako.
Kadibodi ngumu, nzuri; litafaa kuwekea penseli.
Vidude vitatu nakudai.
Leta maboksi mawili. Usilete kumi.
Na hili la kuonja silirudishi:
linanuka karafuu za vidole vya Raya,
na kaa mmoja haonekani,
nadhani yuko chini ya friza.