Kona Ambayo Haikupigwa

Saa kumi alfajiri macho hufunguka yenyewe.
Hakuna kengele wala zamu,
hakuna Bwana Inokuma akihesabu mabuti mlangoni,
ila mikono inapapasa gizani ikitafuta aproni
na vidole bado vinanuka soya.
Miaka tisa nilikata tofu kiwandani Asahibara.
Jioni nilikuwa beki wa kushoto
kwenye uwanja wa kuazima, nyuma ya shule,
mpaka saa tatu kamili mlinzi azime taa.
Usiku mmoja alizizima mpira ukiwa konani,
Wakana ameshainua mkono.
Tukasimama gizani tukicheka,
tukisikia theluji ikidondoka kutoka mitini.
Kona ile haikupigwa.

Kisha ligi ikaja, na karatasi zake.
Huku kwetu hatusaini; tunagonga muhuri,
jina limechongwa kwenye kijiti chenye unene wa kidole.
Mama alikuwa ameutunza wangu kwenye kikopo cha chai
akingojea mkataba wa aina nyingine.
Akaupulizia wino ukauke. Akasema,
"Haya. Mume wako ni nyasi.
Ukigombana naye usinigongee usiku wa manane."

Mshahara wa kwanza ulikuwa pungufu ya ule wa tofu
kwa bei ya jozi moja ya viatu.
Nikanunua viatu.

Mechi ya ufunguzi: watu elfu mbili na thelathini na mmoja.
Huyo mmoja, naapa, ni Bwana Inokuma,
aliyekuja na zamu nzima ya asubuhi,
ndoo za plastiki zimegeuka ngoma.
Tulifungwa tatu bila.
Akanisubiri getini, kofia mkononi:
"Ukuta wenu mlaini kuliko bidhaa yetu."
Akanipa vipande sita, vimefungwa kwenye gazeti
lenye picha yetu, ndogo, ukurasa wa kumi na nne.

Msimu wa pili hesabu ikashuka.
Mtangazaji akasoma "mia nne kumi na wawili"
kwa sauti ile ile ya elfu mbili,
na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa.
Mfadhili akajitoa. Tukabandua jina lake kifuani;
gundi ikabaki, ikidaka nyuzi na vumbi,
kila jezi na kidonda chake cha mstatili
chini ya kwarara wetu wa rangi ya waridi.
Machi, theluji ikafunika mistari.
Tukashika koleo, sisi na wapinzani,
tukachimba mpaka tukaipata nukta ya penalti
kama watu waliopoteza pete.

Dereva wa teksi akaniuliza, "Mnalipwa?"
"Tunalipwa."
"Kwa kucheza?"
"Kwa kukaba."
Akanyamaza mpaka stesheni.

Hiyori kaja msimu wa tatu, miaka kumi na minane,
hajawahi kushika kazi nyingine.
Tukiwa ndani ya mapipa ya barafu, meno yakigongana,
akaniuliza, "Zamani, asubuhi mlikuwa mkifanya nini?"
Nikamwonea wivu. Kisha nikaona haya.
Kisha, dakika ya sabini, nikampa pasi
niliyokuwa nimeitunza tangu kiwandani,
naye akaigusa mara moja tu, wavuni,
akarudi katikati akifunga nywele
kama mtu aliyerudisha kikombe kabatini.

Labda ndivyo inavyotakiwa.
Sijui. Daktari kasema goti halina misimu miwili.
Mama kauliza iwapo nyasi hulipa talaka.

Lakini leo ni saa nane mchana, jua kali,
mpira uko konani,
jukwaani mtoto kajiandika tatu mgongoni
kwa kalamu isiyofutika, tarakimu imepinda,
Wakana ameinua mkono,
nami, kabla hajapiga,
natazama taa.