Mkeka wa Zamu

Ukirudi, nautandaza mezani
naukagua kwa vidole kabla ya macho.
Hapa pamechimbika. Hapa pamevimba kidogo.
Hapa Anasia alikuwa na hasira.

Tuliununua Kiborloni, katikati ya marobota:
kijani cha maji ya mlenda, miraba tele, tarakimu pembezoni.
Muuzaji hakujua ni kitu gani.
Akasema ni bao la drafti, kete zimepotea.
Tukatoa elfu kumi na nane, nusu kwa nusu,
tukacheka hadi Majengo.

Miaka saba tulikatia juu yake
viraka vya mablanketi: vitenge, sketi za shule,
suti ya marehemu mmoja ambayo mjane aliomba
tuigeuze iwe ya kujifunika.
Kisu cha gurudumu kikipita, kovu linajifumba.
Ndiyo sifa yake.
Lakini nyuzi hubaki ndani, kama nyama kwenye meno.

Tulipogombana
(hesabu, na neno moja lililotoka vibaya)
tuligawana kila kitu mbele ya shemeji yake.
Pasi kwako, meza kwangu.
Hata pini tulizihesabu.
Tukafika kwenye mkeka, tukanyamaza.
Kitu kilichokatwa kila siku kwa miaka saba,
hakuna aliyethubutu kukigawa kwa kisu.

Basi mwezi kwake, mwezi kwangu.
Salamu hatupeani. Binti yake, Ndeonansia, ndiye huubeba,
kichwani, umelala, kama paa la nyumba isiyo na kuta.

Maji ya bomba letu hushuka na ubaridi wa mlimani.
Nachanganya na ya birika,
napima kwa kiwiko, kama anayeogesha kichanga
(sijazaa, ila nimeona).
Yakiwa ya moto, utapinda.
Juani, utapinda. Ukiuegemeza ukutani, utapinda,
na ukishapinda, ndiyo basi.
Samaki hukunjwa angali mbichi;
huu haukunjwi mbichi wala mkavu.

Tone la sabuni, kifuniko kimoja cha siki,
mswaki wangu wa mwaka jana.
Nasugua kwa kuzungusha, taratibu, bila kukwangua.
Halafu ufutio wa shule, ule wa waridi,
unaingia kwenye mifereji na kuvuta kilichojificha.

Na hapo ndipo ninaposoma.
Februari: nyuzi nyeusi, nyingi mno.
Nikauliza sokoni, kumbe ni kaka yake.
Nikatuma kilo tano za mchele bila jina.
Juni: kijani cha sare, kazi ya kulipwa kwa kudai.
Oktoba: hakuna kitu.
Ulirudi msafi kama ulivyoondoka
na siku hiyo niliogopa kuliko Februari.

Leo umeletwa na mtoto wa kiume, yule mdogo,
akauangusha mlangoni na kukimbilia mpira.
Kwenye inchi ya tisa
ufutio umetoa manyoya laini, manjano ya kifaranga.
Mikato mifupi, mifupi, ya mkono uliotulia.
Mtu anakata blanketi lisilofika hata magotini.
Nikakaa chini na mswaki mkononi.
Ndeonansia.
Kumbe ndiyo maana habebi mizigo.

Nausuuza. Naufuta kwa fulana kuukuu.
Naulaza kivulini, mbali na jiko.
Nawaza: miezi yote hii nimemrudishia Anasia
mkeka usio na neno.
Kila uzi wangu nilikuwa nauosha.

Zamu yangu inaisha tarehe ishirini na tisa.
Nitausafisha wote, kona hadi kona,
ila mfereji mmoja, hapo hapo inchi ya tisa.
Humo nitakata kipande cha kile kitenge chekundu
tulichoanza nacho, bado ninacho,
na nyuzi zake nitaziacha.

Kwa macho hataona.
Lakini namjua.
Atapitisha kidole.