Kanga ya Dada Nyanjige

Huku Maskati Jumapili yetu huangukia Ijumaa.
Mama Thuraya ameniachia saa nne:
moja ya kwenda, moja ya kurudi,
zinazobaki ni za Mungu.

Ukumbini Ghala tunapokezana kama wauguzi wa zamu.
Wamalayali wametoka, wameacha harufu ya yasmini;
Wafilipino bado, ila gitaa zao zimeshaegemea ukuta.
Hapo katikati ndipo Kiswahili chetu kinapojipenyeza.

Nilikuja na orodha
nyuma ya risiti ya dukani:
karo ya Mwakio, goti la mama,
mshahara wa Mei uliogeuka hadithi,
na usingizi. Bwana, usingizi.
Mtoto wa nyumba ile huamka saa saba ya usiku, tena saa tisa,
na kukipambazuka kanzu nyeupe zinaningoja,
kola zisiwe na hata mkunjo mmoja.
Kulala nimekusahau. Najua kuzimika tu.

Tukaimba. Tukaketi.
Mchungaji Nkwabi, ambaye siku nyingine ni fundi wa viyoyozi,
akafungua pale panapozungumzia mizigo.
Nikajiambia: sikiliza, Wakesho, hili ni lako.
Nikasikia "Njoni".
Neno la pili sikulisikia.

Nilikuwa Wundanyi, ukungu ukishuka mlimani
kama mtu asiye na haraka ya kufika,
na hakuna aliyeniita.

Nilipozinduka, gitaa zilikuwa zinakazwa nyuzi.
Sadaka imepita. Baraka imepita.
Kanga isiyo yangu imenifunika hadi kidevuni,
na viatu vyangu vimevuliwa, vikapangwa
kisigino kwa kisigino, kama vya mtoto.
Dada Nyanjige yuko kando yangu anamenya karanga.

Aibu ikanipanda:
nyumba ya Bwana, na mate shavuni!
Akasema bila kuinua macho,
"Wanafunzi walilala saa ya kukesha, wakaulizwa.
Wewe umelala saa ya kupumzika.
Nani akuulize?"

Orodha ilikuwa bado kiganjani, imelowa jasho,
wino umetambaa, mshahara umeingia ndani ya goti.
Sikuisoma.
Aliyelala mashuani dhoruba ikiunguruma
anajua kusoma kilicholowa.

Nje, nyuzi joto arobaini na nne. Lami inanata.
Nitafika, nitawasha pasi,
mtoto atalia saa saba, kisha saa tisa,
na Mei bado ni Mei.

Kanga niirudishe Ijumaa ijayo, amesema.
Kwenye teksi naikunjua magotini, nasoma jina lake:
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Miaka yote niliusikia msemo huu kama kejeli.
Leo nausoma polepole, kidole juu ya herufi:
na kama yupo
ambaye begani mwake, wangu
ni usufi kweli?