Pini za Sikudhani

Mimi ni mpiga picha, ila mbele yangu hakuna anayetabasamu.
Upanga, chumba cha chini, kiyoyozi kinang'ata kama jino,
na swali langu la kila siku limeshachuja:
Una chuma chochote mwilini?

Sikudhani Pazi, fundi cherehani wa Kariakoo,
akacheka. Fundi atakosaje chuma?
Akavua hereni, akavua chupio,
akachomoa pini kifuani, upande wa kulia,
moja, mbili, tatu, nne,
akazilaza kwenye kisahani cha plastiki.
"Basi. Nimekwisha."

Upande wa kushoto wa gauni lake
pini tatu zilikuwa zinamemeta.

Mlangoni mdogo wake, Mwanamvua, alikuwa amenidokeza:
gauni la bibi harusi lilitoka na mkono mmoja.
Mteja akapiga kelele, dada akaapa mikono ipo yote.
Wali anakula nusu ya sahani, nusu anaiacha,
kisha analalamika njaa.
Tumempima malaria mara tatu.
Wengine wakasema presha, wengine kijicho cha mafundi wenzake,
shangazi akaleta ubani.

Zile tatu nilizichomoa mwenyewe.
Sumaku ile haina utani,
humo ndani pini hugeuka risasi.

Akalala, kichwa kwenye kizimba chake,
mashine ikaanza: ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta.
Kwenye kipaza sauti nikamsikia:
"Cherehani yenu inataka mafuta!"
Nikamwomba asicheke, picha itatikisika.

Ubongo ukafunguka kwenye skrini kata baada ya kata,
kama jora linalokunjuliwa kaunta,
bluu hakuna, nyekundu hakuna, kijivu tu na vivuli vyake.
Tukamtia dawa mshipani.
Mara kikawaka
cheupe, cha mviringo, kama kifungo cha koti,
kushoto kwa skrini, maana yake kulia kwa Sikudhani:
sisi tunamsoma mtu kama aliyesimama akitutazama.
Na kulia kwa ubongo ndiko kunakolindwa kushoto kwa dunia.

Dokta Mbonea akasogeza kiti, akavua miwani, akaivaa.
"Kina pindo," akasema. "Kimekaa nje, kinabonyeza.
Hakijapenya. Pengine."
Hilo pengine akalirudia kwa sauti ndogo
huku anapima kwa milimita,
na simu ya wapasuaji ikiita bila kupokelewa.

Mimi nikarudi kwa mgonjwa na mdomo usio na ruhusa.
"Umeona nini humo?"
"Majibu atakupa daktari, dada."
"Nimekuuliza wewe."
Nikamsogezea kisahani chake.

Akahesabu kwa kidole.
"Nne. Asubuhi nilichomeka saba.
Fundi anajua hesabu ya pini zake."
Saba zote zilikuwa pale,
nne kulia, tatu kushoto, mwanga wa taa juu yake.

Ningemwambia nini? Kwamba zipo?
Nikakishika kisahani ukingoni,
nikakizungusha taratibu,
kama azungushavyo yeye gurudumu kwa mkono
sindano ikikaribia kona ngumu,
hadi kushoto kukawa kulia.

Uso wake ukafunguka.
"Ahaa, hizi hapa tatu!"
Akaziokota, akazichomeka kifuani, moja moja.
Kisha akanitazama, akakunja uso kwa mashaka.

"Na zile nne umezipeleka wapi?"