Hesabu ya Zizi

Baba alichapwa fimbo tatu kwa swali lisilo gumu.
Darasa la tatu, shule ya misheni, njia ya Mvumi,
mwaka ambao uwele ulinyauka kabla ya masuke.
Mwalimu Yeremia Chilewa, kaptula imenyooshwa kwa pasi ya mkaa,
aliandika alama ya kujumlisha, akageuka:
"Ndalu, zizini kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Ndalu akatazama vidole vya miguu.
Si kwamba hakujua.
Kwetu zizi halihesabiwi kwa mdomo;
ukilitaja kwa idadi, umeshaiita sotoka kwa jina.
Hilo alifunzwa na mjomba, malishoni, bila ubao,
kwa kofi moja na kipande cha nyama ya ubavu.

Fimbo ya kwanza ilikuwa ya kunyamaza.
Ya pili, ya kusema, "Wapo."
Ya tatu sijui ilikuwa ya nini. Baba naye hajui,
ila akiisimulia hushika sikio.

Ndipo akaanza, kamasi na machozi pamoja:
"Yupo Majivu.
Yupo Mvuka-Korongo, mama yake Majivu.
Yupo yule asiyekubali kukamuliwa na mtu mwenye haraka.
Yupo wa marehemu bibi, huyo hauzwi.
Yupo Kipara..."

Mwalimu, nyuma ya meza, alikuwa akikunja vidole.
Misheni ilitaka jibu,
na jibu lilikuwa linakuja, likichechemea,
likisimama kula majani njiani.

"Yupo Sikio-Pasu, wa mahari ya shangazi,
aliyetoka kwenu, Mwalimu."

Kidole cha sita hakikukunjwa.
Chaki ikawekwa chini.
Na Yeremia, aliyebatizwa, mwenye cheti ukutani,
akauliza kwa Kigogo, polepole:
"Bado anakohoa usiku?
Nilimvuta mimi tumboni mwa mamaye, kwa mikono hii."

Watoto arobaini wakageukia msumari
paliponing'inia kibao cha wasemao lugha ya nyumbani.
Hakuna aliyenyanyuka.
Nje, chuma cha reli kikagongwa: mapumziko.

Mimi ni mhasibu wa halmashauri.
Mifugo ya wilaya nzima naijua, safu kwa safu,
hata waliokufa kwa ukame nina jumla yao.
Jana ofisa wa sensa aliniuliza kuhusu zizi la baba.
Kalamu yake ikangoja.

Wapo, nikasema.